Kuna, Lipa

Huko Karlovac, mji wa mito minne,
fedha ya zamani iliitwa kuna,
na visenti vyake viliitwa lipa.
Kwao kuna ni mnyama, binamu wa kicheche,
ambaye mababu walilipa kodi kwa ngozi yake;
lipa ni mti, maua yake chai ya kifua.
Mimi, mgeni kwenye foleni ya mayai,
nilisikia mazungumzo mazima kwa lugha ya mama:
Kuna?
Lipa.

Jumamosi ile, tarehe kumi na nne Januari,
ilikuwa ya mwisho kwa pesa mbili kulala droo moja.
Kesho yuro peke yake.
Bibi Ljerka, glavu zake zimekatwa vidole,
alikuwa na mayai, jibini, kabichi iliyochacha,
na mjukuu wa miaka tisa, Tonka,
juu ya kreti la bia ili aione mizani.

"Usitoe," bibi alimfunza.
"Kutoa kuna shule yake. Sokoni tunapanda.
Mayai ni mbili na senti thelathini na tisa,
mama huyu kakupa noti ya tano.
Simama kwenye bei, kisha panda."
Tonka akapanda, sarafu moja moja,
kwenye kiganja cha mama wa watu:
senti moja, tumefika arobaini;
kumi, hamsini;
hamsini, tatu kamili;
na hii ya mbili,
tano.
Akavuta pumzi kama aliyefika orofa ya juu.

Noti ya kuna hamsini ikamtoa jasho kwenye theluji.
Inaingia kuna, lazima itoke yuro,
gawanya kwa saba nukta tano tatu nne tano.
Tulingoja. Mtu nyuma yangu alikohoa kwa makusudi.
"Acha akohoe," bibi alisema, "kikohozi hakina chenji."
Yuro nne na senti ishirini na tano.
Sawasawa.

Kisha akaja mzee Štef na chupa ya jemu
imejaa lipa za hamsini.
"Thelathini na sita. Kuna kumi na nane. Mayai kumi.
Nimezihesabu mara tatu."
Tonka akazihesabu mara ya nne,
akazipanga kumikumi kama askari wa bati,
akasita.
"Babu, hii si lipa. Hii ni kuna nzima. Ina ndege."
Mzee akaisogeza puani, akaigeuza.
"Marehemu ndiye aliyekuwa macho yangu," akasema,
na foleni nzima tukatazama viatu.

Alikuwa amezidisha nusu kuna.
Nusu kuna ni senti saba.
Ya tano, ya mbili:
mzee akazitazama kiganjani
kama vidonge vya daktari asiyemjua,
akazitia mfukoni,
akaondoka na mayai yake amekumbatia.

Saa saba walifunga.
Dubu wa kuna tano, jodari wa kuna mbili,
wote kwenye mfuko wa benki.
Tonka akamshika yule ndege,
aimbaye usiku, wanasema, hata asipolipwa.
"Namnunua," akasema.
Akatoa kibeti chake mwenyewe, chenye zipu mbovu,
akahesabu senti kumi na tatu, akaziweka droo,
akasukuma droo kwa kiuno kama bibi yake.

"Kesho hatanunua hata kiberiti," bibi alimwonya.
"Najua."
"Na bei yake ni kumi na tatu na robo."
"Robo ya senti haipo, bibi."
Ljerka akavua glavu, akapuliza vidole,
akaandika daftarini, kwa penseli, mbele yangu:
*Tonka, robo ya senti.*
Akapiga mstari chini.
Hakuufuta.