Mkanda Uliishia Hapo

Kaseti ilifika Masasi ndani ya soksi ya fundi
aliyekuja kufunga mashine za kubangulia korosho.
Aliondoka kabla ya masika. Soksi akaisahau.
Jina la bendi halikuandikwa popote,
ila mtu alichora kwa kalamu ya wino
fuvu dogo linalocheka.

Upande wa kwanza, mahubiri ya Kijerumani.
Upande wa pili, magitaa.

Si yale tuliyoyazoea, ya kubembeleza,
yanayoingia ukumbini yamejitia marashi.
Haya yalikuja kama tingatinga linalong'oa kisiki:
linarudi nyuma, linatia gia,
linakuja tena.

Nampesya alisikiliza siku tatu.
Ya nne akashika wembe, akaipasua spika ya baba yake,
ili sauti itoke na makwaruzo.
Baba yake alikuwa katibu wa ushirika.
Spika ilikuwa ya ushirika.
Alilala nje juma zima, gitaa kifuani,
na hakuomba radhi.

Somoe Hokororo alishika besi.
Mchana alikuwa kiwandani, safu ya tatu,
mafuta ya maganda yakimla ncha za vidole
mpaka waya zikawa hazimuumi.
Likwata alipiga madebe mawili na tumba moja.
Chipojola aliimba. Kiingereza hakukijua,
akaokota milio tu, kama mtu anayeokota kuni gizani,
na pale palipohitaji kupiga ukelele
akatoa ule wa bibi yake wa kufukuzia nyani
kwenye mahindi, kule Chiungutwa.
Wazungu wa kwenye kaseti
hawakuwahi kulinda shamba. Ilisikika.

Mimi nilikuwa wa jenereta. Na wa mwandiko mzuri.

Afisa utamaduni akaleta fomu.
Aina ya ngoma: ya umeme.
Kabila: tukatazamana, nikaruka mstari.
Ujumbe kwa jamii:
Chipojola akasema, andika, Aaaaaa.
Nikaandika. Akazihesabu afisa, a sita,
akagonga mhuri.

Tatizo lilikuwa wimbo wa mwisho.
Gitaa linapanda, linapanda, tumba nyuma yake,
linakaribia kufika, tunajua linafika sasa hivi,
tak.
Mkanda uliishia hapo.

Likwata alitaka tutunge mwisho wetu.
Nampesya akakataa: cha mtu hakimaliziwi.
Basi tukaupiga mpaka dizeli iishe.
Nikajifunza kuipima kwa kijiti cha mpera:
vidole viwili, robo saa; kidole kimoja, waambie.
Ukumbi wa ushirika ulijaa hadi madirishani,
vichwa vikitikiswa kama vimemwagiwa upupu,
mama mmoja wa kisamvu akilia bila kujua kwa nini,
kisha jenereta ikakohoa,
magitaa yakafa, taa zikafa,
na katika giza lile akabaki Likwata peke yake
na madebe yake, yasiyojua umeme ni nini.

Hakuna aliyetuuliza mwisho uko wapi.

Juzi mjukuu wangu alinitaka niuimbe kwenye simu.
Nikauguna, kwa aibu, na simu ikaujua.
Nikaupeleka kwa Somoe. Alikuwa ametoka kujiandikisha;
mashine ya vitambulisho imevikataa vidole vyake,
mara nne, imesema hakuna mtu hapo.
Tukaiegemeza simu kwenye kopo la chumvi.
Gitaa likapanda. Likapita pale.
Sikupumua.

Halikufika popote. Liliendelea vilevile,
sauti ikipunguzwa, ikipunguzwa,
kama mgeni anayeaga huku bado anasimulia,
yuko uani, yuko barabarani, humsikii.

"Ndiyo hivyo tu?"
"Ndiyo hivyo."
Akacheka mpaka akashika mbavu.
"Na dizeli yote ile!"

Simu ikajizima kioo.
Vidole vyake vilikuwa juu ya meza,
laini, havina hata mstari mmoja,
vinaendelea na besi pale wenyewe walipoiacha.
Nikainuka, kwa mazoea,
kutafuta kijiti.