Vikombe Vitatu

Miaka thelathini na moja nilionja kahawa za watu
ghorofani, hatua chache kutoka mnara wa saa.
Nilifyonza kwa kelele, nikazungusha, nikatema.
Sikuambiwa shamba. Ndiyo ilikuwa sheria:
ulimi ukilijua jina la mkulima
huanza kumwonea haya.

Sasa nipo Rau, mstaafu, meno ya kuazima,
na Jumapili, ibada ikiisha, mpwa wangu Eliafoo
huniandalia vikombe vya namna nyingine.
Leo ni sonata moja, wapiga piano watatu,
na kutoka kwa kila mmoja mwendo wa pili tu,
ule wa polepole, maana hapo hakuna pa kujificha.
Ameihamishia yote kwenye simu.
Amefuta mikwaruzo ya santuri,
amefuta upepo wa kaseti,
hata mbwa wa mchungaji, aliyebweka mwaka wa themanini na tatu
nje ya ukumbi wa usharika, amemfuta.
"Mjomba, geukia ukutani."
Nikageuka.

Wa kwanza: msafi.
Kila noti imeoshwa, imeanikwa, imechambuliwa kwa ukubwa.
Nikasema, daraja la juu, haina kasoro,
na kesho sitaikumbuka.

Wa pili: lo.
Kabla ya sauti ile nzito ya mkono wa kushoto
alinyamaza.
Si kunyamaza kwa aliyesahau;
ni kwa mtu aliyefika mlangoni na mizigo
anatafuta mkono wa kupigia hodi.
Uchachu wa mbali, kama limau limepita karibu tu,
kisha uzito, kisha utamu uliogoma kuondoka kooni.
Nikauambia ukuta: Huyu ni Ndeshi. Huyu ni mama yako.
Dada yangu alijua kungoja.
Eliafoo hakujibu.

Wa tatu: nilikunja uso.
Anaanza vema, nusu ya njia ni mtu wa kuaminika,
halafu pupa inamwingia, anakaza mwendo,
na piano yenyewe inapanda, inapanda,
kama maziwa motoni na mwenyewe yuko uani.
"Huyu anakimbilia wapi?" nikasema.
Nikamtema.

Mpwa wangu alichukua muda.
"Wa pili ni yule mzee wa santuri,
uliyoinunua Arusha kwa Mgiriki aliyekuwa anahama.
Wa tatu ni mama.
Na hakukimbia, mjomba. Betri zilikuwa zinakufa.
Kinasa sauti kikichoka wakati wa kunasa,
siku ya kusikiliza, kila kitu kina haraka.
Hata mbwa yule, anaanza mzee, anamaliza mtoto.
Mbwa nilimtoa. Mama niliogopa kumnyoosha."

Umeme ulikatika jioni ile, nakumbuka.
Nakumbuka karabai, na Ndeshi akipuliza vidole,
baridi ya Juni inayouma bila kujionyesha,
na mimi nimepiga magoti kando ya pedali na kile kinasa
kama mtu anayekinga maji ya paa.
Betri nilizitoa kwenye tochi yangu.
Tochi iliyokwisha anza kuwaka njano.

Nikatafuta neno la kazi.
Mwonjaji ana maneno mengi ya kasoro:
gunia, ukungu, udongo, moshi, kitunguu.
La kasoro iliyomo kinywani mwa mwonjaji
hatukufundishwa.

"Piga tena ya tatu."
"Hii ya kwenye simu?"
"Hapana. Kaseti yenyewe.
Nirudishie upepo. Nirudishie na mbwa."

Akaenda chumbani kuitafuta,
nikasikia droo za mama yake zikivutwa, moja, ya pili,
ile ya chini inayokwama.
Mimi nikabaki vilevile, uso ukutani,
sijaambiwa nigeuke.