Haja ya Mtu wa Mwisho

Nimeingia Mkomani kwa mlango wa nyuma,
kwa kichochoro cha punda, viatu mkononi,
maana mlango wa mbele una daka mbili
na zote mbili zimejaa tangu alfajiri:
mwenye hati ya shamba iliyopotea Mkunumbi,
mwenye kijana ndani ya seli ya Mokowe,
mama wa Matondoni na risiti za hospitali
kazikunja ndani ya leso, kona kwa kona,
na yule mzee Famau asiyetaka kitu
ila kwenda kusema, "Nimekaa kwa Waziri."

Mnisamehe. Leo nimekuja kwa mtu mmoja.

Yu ndani, juu ya kiti cha enzi cha babu,
chini ya zidaka zisizo na sahani tena.
Niliziuza mimi, mwaka wa kampeni ya kwanza;
yeye ndiye aliyesema sahani hazipigi kura.
Miguu yake haigusi sakafu.
Mama amekuwa mdogo.

Akanitazama kama mtu atazamavyo barua
ya mwandiko asioujua,
kisha akaninyoshea kidole mkekani:
"Ndoo, keti. Usiogope.
Mwanangu ni mtu mkubwa huko Nairobi.
Akiya, nitamwambia yambo lako."

Nimewahi kusimama Bungeni saa sita mfululizo
nikijibu yasiyojibika.
Nimewahi kutia sahihi karatasi
iliyohamisha kijiji kizima, wino haujakauka
nikaitisha chai.
Hapa nikakosa neno.
Kithinji, msaidizi wangu, akachungulia,
akanigongea kioo cha saa yake:
ndege ya Manda, saa tisa.

Mama akatoa daftari chini ya mto.
Nalijua. Ni la tangu nikiwa diwani:
herufi za Kiarabu, wino wa buluu,
jina, mtaa, haja,
na penye haja iliyokwisha, mkwaju mmoja.
Miaka kumi na tisa ndiye aliyekuwa ofisi yangu,
sikumlipa hata ya sabuni.

"Jina lako?"
"Zena."
"Zena wa nani?"
"Zena binti Madi."

Kalamu ikasita. Uso ukainuka.
Nikadhani.
Lakini ni kalamu tu iliyokumbuka:
jina la baba ikaliandika kwa mkia mrefu,
vile vile alivyolinyosha zamani
juu ya bahasha za kwenda Mombasa.

"Na haja yako?"

Ningesema mengi. Kwamba arobaini ya baba
niliikosa kwa ajili ya bajeti.
Kwamba mwanangu Sabri
akiniona kwenye televisheni huzima sauti, haizimi picha,
na siyui, mama, nishukuru au nilie.
Nikasema: "Nataka kumuosha mama yangu nywele."

Akaandika. Akasoma tena, polepole.
"Hili," akasema, "si la Waziri.
Hili mtu hujiendea mwenyewe.
Inuka wende, usimchelewe."

Nikainuka. Nikaenda hadi jikoni.
Aliyenishikia kata ya maji ni yule wa Matondoni,
kaingia bila hodi, wala risiti hakuzitaja.
Nywele za mama ni chache, zaingia kiganjani.
Akafumba macho, povu likamshuka shingoni.
"Una mkono mwepesi," akasema.
"Mwanangu akiya nitamwambia akulipe."
"Mwambie," nikasema. "Anadaiwa mengi."

Ndege niliipata.
Wa Mkunumbi sikumsikiliza, wala wa Mokowe;
mzee Famau nilimpa mkono uliolowa,
akaufuta kwenye kanzu, kwa heshima, akidhani ni jasho la kazi.
Risiti ninazo, zimeshikana kwa maji,
tarakimu zimeingiliana.
Kithinji anazitenganisha moja moja, mapajani,
na huko nyuma daftari liko chini ya mto,
jina langu mwisho wa ukurasa,
bila mkwaju.