Futikamba

Futikamba yangu haina mdomo.
Inazunguka kiuno, inasoma, inanyamaza.
Arobaini na nane, ishirini na sita,
naandika kwa chaki ukutani juu ya cherehani,
hapa barazani kwa Mudoma, Mbale,
mkabala na duka la saruji,
na anayepimwa hainamishi uso.

Watu ndio wenye midomo.

Wepukhulu wa bodaboda
alitazama tairi, akanitazama, akarudi kwenye tairi.
"Mama, wewe utalipa ya wawili."
Wenzake wakacheka hadi wakajishikilia matangi.
Nikalipa ya wawili, noti juu ya noti,
nikapanda, nikakunja gauni, nikatulia.
"Twende basi."
"Bado. Tumngoje mwenzangu.
Si umeshalipwa nauli yake?"
Jua likapanda nasi tumekaa.
Abiria wakaja, wakachukuliwa na wengine.

Siku ile nilicheka njia nzima.
Usiku nikachana nywele kwa kioo cha kiganjani,
kioo cha uso tu.
Kile kirefu kimeangalia ukuta tangu mwaka juzi.

Wananiita Wanale,
kwa ule mlima ulioegemea mji wetu.
Kwa mbali ni jina zuri.
Likitamkwa karibu na sikio lina mate.
Shoga yangu husema, jivunie,
nani amewahi kuuambia Wanale upungue?
Sawa. Lakini mlima hausikii.
Mimi nasikia.

Ila la shangazi Nandudu ndilo lililokaa.
Tulikuwa tumetoka kumzika mama,
udongo ungali chini ya kucha,
malewa yanatokota nyuma ya nyumba.
Akanishika mkono, nikadhani ni pole.
Akaufinya juu ya kiwiko, kama kuku wa mnadani:
"Khainza, umenona! Kumbe msiba nao ni shibe?"

Umenona.
Binadamu hunenepa, shangazi.
Anayenona ana siku yake ya kuchinjwa.

Nilitaka kumwambia:
gomesi aliyozikwa nayo mama ni mkono wangu.
Mwezi wa pili niliipunguza inchi tatu.
Mwezi wa nne, tano.
Mwezi wa sita nikamfunga vikoi viwili kwa ndani
ili mshipi upate nyonga ya kushika.
Na hawa hawa, waliokuja na kilo ya sukari,
walinong'ona mlangoni:
kukonda huku, mnajua wenyewe ni ugonjwa gani.
Lilikuwa koo. Koo tu, limeziba.
Lakini midomo ina hospitali yake
na majibu hutoka kabla ya damu.

Aliposhindwa kumeza
alinisogezea sahani. "Kula, nione."
Nikala tonge langu, nikala lake.
Aliitazama shingo yangu ikimeza
kama mkulima anayetazama mvua
ikinyesha shamba la jirani,
na bado anashukuru.

Hayo sikuyasema.
Nilisema, "Shangazi, niachie mkono,
chai inamwagika."

Leo kaletwa msichana, Namono,
sare ya shule, kidato cha kwanza.
Mama yake kasimama mlangoni, anatangazia barabara:
"Mpimie kubwa huyo,
anaumuka kama unga wa mandazi!"
Mtoto akavuta tumbo ndani,
akaifungia pumzi kifuani, macho juu ya bati.
Naijua pumzi ile.
Nimeishi ndani yake miaka.

"Pumua," nikamwambia.
"Sishonei mtu asiyepumua."
Kimya.
Kisha akapumua,
futikamba ikateleza kidogo vidoleni mwangu,
ikasoma ilichosoma.
Nikaandika. Nikaongeza inchi ya kukua nayo.

Mama yake nilimpa kiti.
Nje, juani.