Mguu wa Cherehani

Kijana nisiyemjua alipiga kwa simu yako,
nyuma yake honi, nyuma ya honi watu:
"Bosi, ni wewe umeandikwa 'Wangu Huyo'?
Njoo Mtoni haraka. Bodaboda imempitia mama huku."
Miaka tisa, sikujua umeniandika hivyo.
Na neno lililonitoka pale kwenye ngazi, brashi mkononi,
lilikuwa jina lako, ulilopewa na bibi yako Kilwa:
Sikudhani.

Muhimbili walikutia vyuma.
Picha niliinua dirishani, nikahesabu skrubu nane
kutoka goti hadi ugoko, zimepangika kama vifungo.
Wewe hukuitaka picha. Ulitaka kuuona mshono.
Bendeji ilipofunguliwa ukauinamia kwa jicho la kazi.
"Nyuzi ishirini na mbili," ukasema.
"Aliyeshona hapa alikuwa na gari la kuwahi."

Nyumbani Tandika watu wakaleta pole, na machungwa.
Pole haibebi ndoo.
Choo kiko mwisho wa ua, hatua kumi na nne,
nilizihesabu nikiwa nimekupakata.
Waliokuwa wakifua wakaacha kufua,
mmoja akacheka, si kwa ubaya,
nawe ukauficha uso shingoni mwangu,
unanuka dawa, jasho,
na chini ya hivyo, wewe.

Niseme na hili, maana nalo nimelibeba:
usiku mmoja uliniita mara tatu.
Zote nilizisikia.
Niliamka ya tatu.

Masika yakaingia. Uji wangu una madonge, ukasema,
na gongo likaruka, likanikosa, likalipata birika.
Nikatoka, nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa,
mvua ikininyeshea bega moja,
nikapiga hesabu ya nauli ya kwenda popote.
Kisha nikagonga kwa jirani,
nikaazima chujio.

Mama Nasma alisema pole mara tano
kabla ya kudai kitambaa chake, mita nne, sare za wanawe.
Ulikitazama kikitoka mlangoni hadi kikaisha.
Cherehani pembeni, imefunikwa khanga,
na mguu uliovunjika ndio uliokuwa ukiiendesha.
Usiku ule ukaiambia dari, si mimi:
"Na mikono yangu haina hata mkwaruzo."

Mimi ni mpaka rangi. Miguu yangu inajua ngazi tu.
Asubuhi nikavuta kigoda, nikaketi ubavuni mwako,
mguu wako umenyooka juu ya mto,
wangu ukapenya chini ya meza kuitafuta pedali.
Wewe mikono, mimi mguu.
Uzi ukakatika. Sindano ikavunjika.
Pindo la kwanza likaenda kama mlevi anayetafuta kwao.
"Taratibu! Unapanda wapi? Hapa hakuna ghorofa!"
Ukacheka, mbavu zikakuuma,
ukacheka tena.

Mama Nasma alirudi na kitambaa chake
na akaomba punguzo.
Tukampa.

Wa mazoezi akasema kifundo kisiachwe kikaganda.
Ndipo ulipouweka mguu wako juu ya wangu,
nikakanyaga mimi, ukapanda na kushuka bure wewe,
mwepesi kama kiraka.
Wiki ya pili, kama kitambaa kilicholowa.
Baadaye sikujua tena
nguvu inayozungusha gurudumu inatoka kwa nani,
na sikuuliza, nilichelea ungeshtuka ukaacha.

Jana, kwenye kola ya shati la shule,
kona ile ngumu unayoishikia pumzi,
ulinikanyaga.
Uzito wote, kisigino na skrubu zake nane,
kidole changu gumba kikaita mama.
"Nimekuumiza?" Macho yako kwenye sindano.
"Hapana," nikasema,
nikauacha mguu pale pale.