Senti Hamsini ya Sungura

Redio ilisema saa mbili kasorobo,
baada ya bei za mahindi:
Shomari Kilumanga, mpiga solo, amefariki jana usiku.
Mazishi leo alasiri. Basi.
Nilikuwa nachuja chai. Niliendelea kuchuja
hata chai ilipokwisha.

Nyumba yetu ya Keko ilikuwa na santuri kumi na moja,
na saba kati ya hizo zilikuwa zake.
Baba, mlinzi wa ghala la pamba, alituruhusu kuzishika
kwa vidole viwili tu, ukingoni,
kama mtu anayeipokea chapati kutoka jikoni.
Betri tulizianika juu ya bati, zikaota jua kutwa,
magharibi zikarudi tumboni mwa mashine
na Kilumanga akaimba tena.
Si kwa nguvu, lakini akaimba.

Betri zikichoka, naye alichoka.
Sauti ilishuka, ikavutika, ikazeeka;
ndani ya ubeti mmoja kijana akawa babu
na gitaa likatembea na mkongojo.
Dada yangu Mwanahawa alicheka mpaka akajikojolea.
Mimi nililia. Nilidhani huko aliko
kuna watu wanamfanyia hivyo.

Na ile ya kibandiko chekundu ilikuwa na mkwaruzo.
Mama aliiangusha, au paka; kesi ile haikuisha.
Sindano ikifika penye
*Ewe Sikudhani, nilipokuacha pale*
iliruka. Tak! Ikatua kwenye tarumbeta.
Baba akaweka senti hamsini juu ya mkono wa sindano,
sungura akae pale, aukandamize.
Sungura na ujanja wake wote hakufua dafu.
Basi tukaimba hivyo hivyo, uchochoro mzima:
nilipokuacha pale, tak!
na tarumbeta tukaipiga kwa midomo.

Harusini kwa kina Likongo ilikuja bendi ya kukodi.
Mwimbaji wao akaupitia mstari wote, hakuruka kitu.
Tulimzomea. Tak! Tak! Kasahau tak!
Kelele zetu zikameza alichokisema.

Ana kwa ana nilimwona mara moja,
baa moja ya Temeke, mwaka wa mvua nyingi.
Kiti cha plastiki, gitaa magotini,
wasikilizaji sita, mmoja amelala.
Sauti ilikuwa ile, ya betri zilizochoka.
Nilitamani nimbebe, nikamwanike juu ya bati.
Nikamtunza elfu mbili, nikaona haya,
nikaondoka kabla hajafika kwa Sikudhani.

Leo, Chang'ombe, koleo tatu zilipokezana.
Mchanga ulikuwa mkavu, ukirudi shimoni wenyewe.
Tulipotoka, kibanda cha soda ng'ambo ya barabara
kilikuwa kinampiga. Safi, bila mkwaruzo.
Nikasimama. Bajaji ikanipigia honi, dereva akatukana.
*Ewe Sikudhani, nilipokuacha pale
penye bomba la maji*

Bomba la maji.
Miaka arobaini na mbili, bomba la maji.

Nikampigia Mwanahawa, yuko Mbagala, ana wajukuu.
Nikamwambia: Dada, nimelisikia. Ni bomba la maji.
Akanyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha.
Kisha akasema:
Wamekosea. Pale ni tak.