Sufuria ya Mtaa wa Juu

Nélida alileta sufuria ya harusi ya mamaye,
ile yenye sikio moja.
Wilmer akaleta mbao za kitanda
cha mtoto aliyekua akahamia Arequipa.
Hatukuwa na chama, wala mhuri, wala jina;
tulikuwa na ukungu wa Lima
na kuni zilizokataa kushika moto.

Siku ya kwanza, sahani kumi na nane.

Sokoni, Bwana Ticona wa viazi
alitutazama kama wezi, kisha akasema:
"Vilivyochubuka chukueni. Ila mjue kumenya."
Tukajua.

Daftari la Eudocia halina safu ya shukrani.
Lina: dengu, kilo mbili. Chumvi, deni.
Nyumba ya bati la buluu, watu watano, wana haya;
Yeny awapelekee, asigonge kwa kishindo.

Leo ni sahani mia na sita,
na sikio la pili limechomelewa, bure,
na fundi aliyekuwa wa kumi na tisa
kwenye foleni ile ya kwanza,
siku tuliyokwangua sufuria hadi ikalia,
naye akapanda ngazi za mlimani
na bakuli lake kavu.